Kiangazi Aliporudi Malasha Salikina

Jumatatu, 20 Juni

Leo nimefungua makumbusho kwa msimu mpya. Nimefagia vyumba vya chini, nimefuta vumbi kwenye mtambo wa kufumia, nimepanga vijiko vya Babu kwenye kabati la kioo. Joto limewahi mwaka huu. Nyasi za nyuma ya nyumba zimeshakauka na kuwa na rangi ya mkate.

Saa nne Ndugu Pyotr Gritchin, mwenyekiti wa kamati yetu, aliingia bila kuvua kofia. Nikajua kuna jambo.

"Dada Hanya, umesikia? Salikina ametolewa gerezani."

"Salikina yupi?"

"Si unamjua. Malasha."

Nilikuwa nimeshika kijiko mkononi. Nikakiweka chini.

"Ana miaka sabini na sita sasa," Pyotr akasema. "Wamemwachia kwa ajili ya uzee. Atakaa kwenye kibanda cha marehemu dada yake, ng'ambo ya kijito."

"Hapa hapa Rodnikovo?"

"Sasa unataka aende wapi? Kwao ni hapa."

Kutoka mlango wa makumbusho hadi kile kibanda ni hatua mia mbili, labda pungufu.

Kuna mambo sijawahi kuyaandika. Nilikuwa na miaka tisa nyumba yetu ilipochomwa. Zilikuwa siku za Wana wa Uhuru, watu wa damu yetu na zaburi zetu, ila wao walisema mali imetuharibu, kwamba wazee wetu hawakukimbia kwao kwa ajili ya imani, wakavuka bahari, ili wajukuu wao wawe na mazulia na hati za mashamba. Walianza kuchoma nyumba zao wenyewe, wakasimama uchi barabarani wakiimba. Kisha wakageukia za wengine. Babu aliingia motoni kumtoa ng'ombe. Ng'ombe alitoka. Vidole vya Babu viligandana, na yeye ndiye aliyekuwa mchonga vijiko bora kuliko wote bondeni. Miaka minane iliyobaki alilishwa na Bibi kwa vijiko alivyochonga mwenyewe.

Hakuna aliyeshtakiwa kwa nyumba yetu. Malasha alifungwa mara tatu kwa mioto mingine. Mara ya mwisho ulikuwa ukumbi wa mikutano wa kijiji cha chini. Kuhusu yetu watu walinong'ona tu.

Jumatano, 22 Juni

Wageni wawili. Joto.

Jumamosi, 25 Juni

Amekuja.

Nilikuwa ninawaeleza wageni jinsi jumuiya ilivyojenga nyumba hii kwa matofali ya tanuri lao wenyewe, watu thelathini na tano chini ya paa moja, sufuria moja. Nikamwona mlangoni. Ni mdogo, nilimkumbuka mrefu. Kitambaa cheupe kichwani, sketi ya kizamani, viatu vya gerezani bila kamba. Akainama kama tunavyoinamiana sisi.

"Mungu asifiwe," akasema.

"Tunamsifu na kumshukuru," nikajibu. Mdomo ulijibu wenyewe.

"Wewe ni wa nani, binti?"

"Wa Vasili Strelyov. Mjukuu wa Nikifor."

Alikwenda kuketi kwenye benchi, akautazama mtambo wa kufumia karibu saa nzima. Wageni walipoondoka tukabaki wawili. Nilisimama karibu na mlango muda wote, na sikugeuza mgongo hata mara moja.

Jumanne, 28 Juni

Amekuja tena.

Jumatano, 29 Juni

Tena. Leo aliinua macho akakagua dari kutoka ukuta hadi ukuta.

"Huko juu kuna nini?"

"Darini? Hakuna kitu. Magunia ya kitani, viti vibovu."

"Kitani kikavu?"

"Kwa nini unauliza, Bibi Malasha?"

"Nauliza tu."

Alipoondoka nilipanda darini nikakagua kila pembe. Kisha nikaketi kwenye ngazi.

Jumapili, 3 Julai

Ibadani. Mkate, chumvi na jagi la maji mezani. Wanaume upande huu, wanawake upande ule. Malasha alisimama mwisho wa safu yetu na mwanamke aliyekuwa jirani yake akasogea. Pakabaki pengo la watu wawili. Tuliimba. Sauti yake bado ni nzito na safi, inakamata chini ya sauti za wengine kama boriti. Nilichukia kwamba ilikuwa nzuri.

Ilipofika zamu ya kuinamiana, niliinamia mkate nisimwinamie yeye. Aliona.

Jumanne, 5 Julai

Hakuna mvua. Kijito unakivuka bila kulowa kifundo.

Jumamosi, 9 Julai

Bafu la mvuke la akina Gritchin limeungua. Mchana, kabla hata familia haijaingia kuoga. Tuliuona moshi tukakimbia na ndoo. Liliisha lote, na uzio kidogo.

Pyotr alisimama na uso mweusi wa masizi. "Wiki tatu," akasema. "Wiki tatu tu tangu arudi."

"Si lazima awe yeye," mkewe akasema.

"Nani mwingine? Mimi?"

Watu wote waligeuka kutazama ng'ambo ya kijito. Kibanda kimefungwa. Pazia likasogea.

Jumanne, 12 Julai

Leo asubuhi nilifika kazini nikazunguka nyuma kufungua madirisha. Malasha alikuwa amepiga magoti kwenye ukuta wa nyuma. Alikuwa na rundo la nyasi kavu mikononi, limebanwa kifuani kama mtoto mchanga, na rundo jingine kubwa liko chini.

Sikupiga kelele. Nilirudi nyuma hatua kwa hatua, nikaingia, nikajifungia, nikainua simu. Polisi walimkuta pale pale. Hakuuliza kosa. Alifuta mikono kwenye sketi akapanda gari lao, na kupitia kioo akanitazama mimi niliyekuwa dirishani.

Nimeandika haya nikiwa nimeketi sakafuni chini ya kabati la vijiko. Sijui kwa nini nimekaa hapa.

Alhamisi, 14 Julai

Askari alipita. Bafu la Gritchin liliunguzwa na majivu. Mkwe wa Pyotr aliyamwaga kwenye pipa la mbao ukutani yakiwa bado na makaa, na amekiri mwenyewe. Bibi Malasha ameachiwa tangu jana, amerudi kwa miguu kutoka barabara kuu.

"Na zile nyasi?" nikamuuliza.

"Anasema alikuwa anasafisha."

"Na wewe unamwamini?"

Askari ni kijana wa mbali, hajui habari zetu. "Mama, mimi naandika tu alichosema."

Jumamosi, 16 Julai

Alikuja saa tatu, nikiwa peke yangu.

"Mungu asifiwe. Ni wewe uliyewaita."

Nilifikiria kusema uongo. "Ni mimi."

"Umefanya vizuri. Ningekuwa wewe ningewaita mapema zaidi." Akaketi kwenye benchi lake. "Ila zile nyasi ziondoe. Zimeshikana na ukuta hadi kwenye fremu ya dirisha. Na majani ya misonobari yamejaa kwenye mfereji wa paa. Mwaka huu una sura mbaya."

"Sura gani?"

"Mimi naijua," akasema.

Mtu anaponionya kuhusu moto, nami nikamwogopa kuliko moto wenyewe, nimekuwa mtu wa namna gani? Lakini nyasi nilizifyeka jioni ile ile. Mfereji wa paa ni mrefu, siufikii.

Jumapili, 24 Julai

Radi bila mvua. Iliunguruma mchana kutwa nyuma ya mlima, anga kavu kama ubao. Watu walitoka ibadani wakasimama uani wakiangalia juu, wakihesabu miali. Hakuna aliyeenda nyumbani kula.

Jumatano, 27 Julai

Moshi mmoja mwembamba kileleni. Helikopta imepita mara nne na ndoo yake ya maji.

Ijumaa, 29 Julai

Moshi si mmoja tena.

Jumapili, 31 Julai

Jua limekuwa jekundu, unaweza kulitazama kwa macho matupu. Majivu yanaanguka juu ya nyanya zangu. Zimamoto walisema ibadani tukae tayari, kila mtu na begi moja. Nimefunga begi langu mara tatu na kulifungua mara tatu. Nguo, hati, picha ya marehemu mume wangu Kuzma. Kisha nikawaza: na makumbusho? Yanaingia kwenye begi gani?

Nimempigia Pyotr. Amesema, "Dada Hanya, tutaokoa watu kwanza. Vitu ni vitu. Wazee wetu wenyewe walisema hivyo."

Ni kweli walisema. Lakini hao wazee wametuachia vitu hivi tu.

Jumatano, 3 Agosti

Upepo umegeuka. Unatoka mlimani sasa.

Jumamosi, 6 Agosti. Mjini, ukumbi wa michezo wa shule.

Tumelala hapa siku mbili kwenye vitanda vya turubai, watu mia na arobaini. Leo ndiyo nimepata daftari mkononi na utulivu wa kutosha kuandika yaliyotokea Alhamisi. Nitaandika kwa mpangilio, maana kichwani mwangu hayana mpangilio.

Amri ya kuhama ilitoka saa sita mchana. Gari la polisi lilipita likitangaza: mmepewa muda wa saa mbili, baada ya hapo barabara inafungwa. Nilikimbilia makumbusho na pikapu ya Kuzma. Nilianza na daftari za zaburi zilizoandikwa kwa mkono, kisha makoti ya ngozi ya kondoo waliyovaa wazee kwenye meli, kisha vijiko. Nilivimimina kwenye mto wa kulalia niliouchana. Mtambo wa kufumia niliushika, nikausukuma, nikaangua kilio. Haukusogea hata unywele.

Nikasikia mtu anapanda ngazi za darini.

Sikufikiri. Nilipanda mbio nyuma yake. Malasha alikuwa kule juu, amepiga magoti gizani, anatupa magunia ya kitani kwenye mlango wa ngazi. Yalianguka karibu yanipige kichwani.

"Unafanya nini? Toka! Toka humo!"

"Yatoe nje, mbali na ukuta," akasema bila kugeuka. "Kisha niletee udongo wa kijito kwenye ndoo. Udongo mzito. Na vitambaa, vilowe chapa chapa."

"Bibi, wametuambia tuondoke!"

"Tuna saa moja na nusu. Unataka kuipoteza kwa kunipigia kelele?"

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja. Nilishuka nikafanya alichosema. Niliburuta magunia hadi katikati ya barabara. Nilijaza ndoo mbili kijitoni, mahali pale penye udongo wa buluu ambao wazee walifinyangia matofali. Juu ya mlima kulikuwa na sauti ambayo sijawahi kuisikia, kama treni ndefu isiyofika. Miguu yangu ilitaka kwenda upande mwingine. Nililazimika kuiamrisha, mmoja, kisha mwingine.

Darini, chini kabisa pale paa linapokutana na ukuta, kuna matundu ya hewa. Miaka kumi na tano nimefanya kazi humo na sijawahi kuyaona. Malasha alijilaza kifudifudi akawa anasokomeza kitambaa kilicholowa, kisha konzi ya udongo juu yake, anaupiga kwa kiganja. Tundu moja, la pili, la tatu.

"Moto mkubwa hauichomi nyumba ya matofali," akasema. "Watu wanaangalia moto mkubwa. Cheche ndizo zinazochoma. Zinakuja moja moja kama wageni, zinatafuta pa kukaa. Zinapita hapa, upepo unazivuta zenyewe. Zikikuta kitani kikavu, majani ya misonobari, basi. Nyumba inaungua kutoka juu kwenda chini, na walio ndani hawajui mpaka dari linaanguka."

Nilikuwa nimempa ndoo. Nilikuwa nimepiga magoti karibu naye kiasi cha kusikia pumzi zake. Nikauliza, na nilikuwa najua tayari:

"Unajuaje yote haya?"

Mkono wake ukasimama juu ya tundu.

"Kwa sababu ndivyo nilivyouingiza kwenu," akasema. "Kwa Nikifor. Tamba lenye mafuta ya taa, kwenye tundu la upande wa zizi. Nilijua mko shambani mnavuna viazi. Sikujua kuhusu ng'ombe."

Sauti ya mlima ilikuwa inakuja.

"Mwanangu serikali ilikuwa imemchukua miaka michache kabla," akasema. "Miaka saba alikuwa nayo. Shule ile ya uzio, walikofungia watoto tuliokataa kuwasomesha. Jumapili mbili kwa mwezi nilimbusu kupitia waya. Babu yako ndiye aliyewaonyesha polisi nilikomficha. Sikwambii ili unisamehe. Umeuliza."

Sikuwa nimewahi kulisikia hilo. Babu yangu, mwenye vidole vilivyogandana, aliyenifundisha zaburi tatu za kwanza. Sijui kama ni kweli. Nilitazama uso wake na ulikuwa umechoka tu, uso wa mwanamke mzee mwenye udongo shavuni.

Nilitaka kumsukuma. Naandika hili kwa sababu ni kweli. Ngazi ilikuwa nyuma yake, na mikono yangu ilikuwa imeshainuka.

"Nipe udongo," akasema. "Yamebaki sita."

Nikampa udongo.

Tulimaliza matundu sita. Tukashuka. Alinishikia ngazi ya nje nikapanda kuukumba mfereji wa paa kwa mikono, majani ya misonobari yakianguka juu ya kitambaa chake, na kila nilipoangalia chini niliona vidole vyake vimeishika ngazi imara. Gari la polisi lilirudi. Yule askari kijana akatoka akipiga kelele, akamwona Malasha, akanyamaza, kisha akapiga kelele zaidi. "Ingieni! Sasa hivi!"

Alipanda pikapu pembeni yangu akiwa na makoti ya ngozi mapajani. Barabara ilikuwa na giza la saa moja jioni wakati ilikuwa saa nane mchana. Cheche zilivuka mbele ya kioo. Hatukusema neno hadi mjini. Pale mlangoni nilimwachia kitanda kilicho karibu na ukuta, nikachukua cha mbali.

Jumatatu, 8 Agosti

Hakuna habari. Wanatugawia mikate yenye nyama, nasi tunaitoa nyama, maana sisi hatuli. Wanawake wamepata jiko, wamepika supu yetu ya borshch kwa kabichi na siagi. Malasha anakula peke yake. Nimemtazama kutwa. Nilidhani nikijua, hofu itakwisha. Imebadilika umbo tu. Zamani nilimwogopa yeye. Sasa naogopa pia kumuuliza mtu yeyote kuhusu Babu.

Alhamisi, 11 Agosti

Tumeruhusiwa kurudi.

Nyumba kumi na moja zimeungua. Ghala la makumbusho limekwisha, na sleji zote za theluji na jembe kubwa lililovutwa na wanawake mwaka wa kwanza wazee walipofika. Kibanda cha Malasha hakipo. Kimebaki jiko la chuma limesimama peke yake kwenye majivu. Nyumba ya matofali ipo. Paa limebabuka, vioo vya upande wa mlimani vimepasuka, mlango umeungua nusu. Nilipanda darini. Udongo umekauka ukawa mgumu kama tofali. Kwa nje, chini ya kila tundu, kuna rundo dogo la cheche zilizokufa.

Niliketi na mtambo wa kufumia hadi walipokuja kunitafuta.

Jumatatu, 15 Agosti

Nilikwenda kwa shangazi yangu Mavra, ana miaka themanini na nne. Nilimuuliza kuhusu Babu na yule mtoto. Aliendelea kumenya viazi kwa muda mrefu.

"Alidhani anamsaidia mtoto," akasema. "Aende shule, ale vizuri. Babu yako hakuwa mtu mbaya, Hanya."

"Najua."

"Alijua ni nani aliyechoma. Polisi walimuuliza mara tano. Alisema hakuona mtu."

Ijumaa, 19 Agosti

Mkutano wa kijiji, nyumba ya ibada. Mengi yalikuwa kuhusu mbao na maturubai. Mwishoni Pyotr akasimama.

"Kuna suala la Bibi Salikina. Hana pa kukaa. Wapo wanaosema asirudi hapa. Wanasema radi ni radi, lakini moto ulipovuka kijito, nani aliuona ukivuka?"

Watu wakaguna. Malasha alikuwa ameketi nyuma, mikono mapajani.

"Dada Hanya," Pyotr akasema, "wewe ulikuwa naye siku ile. Kuna lolote alilokwambia? Tuna haki ya kujua."

Nilisimama.

"Alinieleza," nikasema. "Yeye ndiye aliyechoma nyumba yetu, miaka thelathini na miwili iliyopita."

Niligeuka nikamwona. Hakuinamisha kichwa. Alikuwa akinisubiri nimalize, kama mtu aliyesubiri hivyo maisha yake yote.

"Na moto huu hakuuwasha. Nilikuwa naye mpaka tunafukuzwa. Makumbusho yamesimama kwa mikono yake. Atakaa kwangu."

"Kwako?" Pyotr akasema. "Hanya, umeugua?"

"Nina chumba. Nitaandika pia aliyoniambia, yote, na ya babu yangu, na yatawekwa ndani ya kabati pamoja na vijiko. Asiyetaka kuyasoma asisome."

Mtu mmoja alitoka nje akibamiza mlango. Wengine walibaki. Mke wa Pyotr ndiye aliyeanzisha zaburi, nadhani kwa sababu hakujua afanye nini kingine, na sauti ile nzito ya nyuma ikaingia chini yetu.

Jumapili, 21 Agosti

Amehamia. Mzigo wake ni mfuko mmoja wa karatasi.

Jumamosi, 27 Agosti

Mvua ya kwanza, tangu alfajiri, mvua hasa, ya kusikika kwenye paa. Nilipoingia jikoni alikuwa ameshaketi mezani, kitambaa kimefungwa, anasikiliza. Nilikata mkate, nikaweka chumvi. Tulikula. Juma zima nimekuwa nikisimama mlangoni kwake kila asubuhi kuhakikisha yupo kitandani, na nadhani anajua.

"Bibi Malasha," nikasema, "bado nakuogopa."

Alisukuma mkate upande wangu.

"Na mimi nakuogopa, binti," akasema. "Kula."